Blanketi la Mama Yusta

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime. Hadithi yangu ya leo haina sungura wala fisi. Ina watu, na watu hao walimwaga damu, kwa hiyo mwenye roho nyepesi aende jikoni akawasaidie wenzake kumenya viazi. Mtakaobaki mnanidai hadithi, nami nawadai jibu, maana mimi mwenyewe nimelitafuta mpaka nimechoka.

Katika kijiji kimoja cha milimani huko Njombe, kule baridi inakouma masikio hata mchana, waliishi watu watatu. Batromea alikuwa na mdomo. Sisemi umbea. Nasema alijua neno unaloliogopa kuliko yote, akakwambia, halafu akakutazama machoni akingoja jibu. Kastori alikuwa na mikono. Alikuwa mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, anakata ncha za mianzi asubuhi na jioni, na mkono wake ulikuwa umeshafika wakati macho yako bado yanatafuta. Melania alikuwa na kifua. Ukimwambia siri umeizika.

Kati yao aliishi Oresta, mjane mwenye binti mmoja, Yusta. Oresta alikuwa na virusi vya Ukimwi. Alimeza dawa zake kila siku, akalima viazi, akapanda kilima na kiroba kichwani akiwaacha wasichana nyuma wakihema. Yusta alizaliwa salama, akapimwa kila walipoambiwa apimwe, hana kitu. Lakini binti alipouliza vile vidonge ni vya nini, mama alimjibu, "Vya presha." Yusta akakua, akawa msichana mkubwa, anaamini ni presha. Mimi hapo ndipo ninapomkasirikia Oresta, ingawa nampenda. Ukinyamaza wewe, mwanao atakuja kuambiwa na mtu asiyekutakia mema.

Na mtu huyo alikuwepo. Eliabu, mdogo wake marehemu mume wa Oresta, alitaka kumrithi shemeji yake pamoja na shamba lake la mianzi. Oresta alikataa yote mawili. Eliabu akampiga teke la tumbo pale gulioni, watu wanatazama, akamwambia, "Shemeji, utanijua."

Sasa sikilizeni habari za Batromea. Kliniki ya pale ilikuwa na kikundi cha akina mama wenye virusi, waliofundishana namna ya kuwaambia watoto wao. Walikaa wawili wawili, mmoja mama, mwenzake anajifanya mtoto. Wengi walijifanya watoto wapole: "Pole mama, nakupenda." Batromea aliona huo ni upuuzi. Watoto wake mwenyewe, alipowaambia, walimmwagia maji ya moto, na kovu liko begani mpaka kesho. Basi alipopangwa na Oresta alimkaba ukosi, akamtikisa mpaka kilemba kikaanguka, akamwambia, "Malaya wewe. Umemuua baba yangu." Oresta akalia. "Bado," Batromea akasema. "Futa machozi, turudie." Wakarudia wiki baada ya wiki, mpaka Oresta akaweza kujibu neno lile tangu mwanzo hadi mwisho bila sauti kutetemeka. Lakini kila alipotaka kwenda kumwambia Yusta, Batromea alimzuia tena: bado, jibu liive kwanza. Hilo ndilo lilikuwa kosa lao. Walijizoeza na mtoto aliyekaa kwenye kiti akisubiri kuambiwa. Hawakumfikiria mtoto anayekuja akiwa ameshaambiwa.

Siku hiyo Eliabu alimwita Yusta kwake, akampa ulanzi mkali wa juzi, kikombe juu ya kikombe. "Unajua kilichomuua baba yako?" akamwuliza. "Ukimwi. Mama yako alimpa makusudi. Ile si presha, mwanangu. Anakunywa dawa apone yeye, kaka yangu akamnyima hadi akakauka kitandani. Na wewe pia anakusubiri ufe."

Yusta alipanda kilima akikimbia. Barazani kwao palikuwa na nyengo ya Kastori, lile panga fupi lililopinda ncha ambalo wagema hukatia mianzi. Kastori aligema mianzi ya Oresta, na alikuwa na tabia mbaya ya kuinoa nyengo yake akaiacha pale wazi, akaenda zake. Yusta akaibeba. Ndani, mama yake alikuwa ameketi anachambua maharage. Pigo la kwanza lilimpata begani, likafika kwenye mfupa. La pili lilipasua fremu ya mlango.

"Umemuua baba yangu," Yusta akasema.

Neno lilelile. Mama mwingine angekimbia, na nyengo ingemfuata mgongoni. Oresta hakuinuka. Damu ilimchuruzika mpaka kwenye ungo wa maharage, naye akajibu kama alivyomjibu Batromea. "Mimi na baba yako tulipimwa siku moja. Nani alimwambukiza mwenzake, sijui, na yeye hakujua. Nilikuwa na wewe tumboni. Nikakubali dawa, yeye akazikataa. Wewe huna virusi, Yusta. Nilikukinga."

Mkono wa binti ukasimama juu. Hakuamini, lakini ulisimama. Kisha Yusta akalia kwa sauti, akaushusha kwa nguvu ampige tena.

Kusimama kule ndiko kulikompa Kastori nafasi. Alikuwa anakuja na kibuyu chake, akaona kupitia mlangoni. Hakupiga kelele, maana mwenye hasira ukimshtua anapiga haraka zaidi. Alitupa kibuyu, akaruka, na nyengo ikielekea shingoni mwa Oresta akaidaka kwa mkono mtupu, upande wa makali. Vidole vitatu vikaanguka sakafuni. Hakuiachia. Aliinyang'anya kwa kile kiganja kilichobaki, akamlaza binti chini, akamkandamiza kwa goti. "Tulia mwanangu," akawa anamwambia, "tulia," na damu yake inamwagikia Yusta usoni.

Mngedhani yameisha. Eliabu akatokea na vijana wake, wana fimbo za mianzi na dumu la mafuta ya taa. Wakampiga Kastori kichwani akazimia. Wakamburuta Oresta kwa nywele mpaka uani. "Njoo kwetu, mwanangu," Eliabu akamwambia Yusta. "Huyu tunammaliza leo, na nyumba yake tunaichoma." Yusta akapiga hatua kumwelekea baba yake mdogo. Naam, alipiga. Sitamfichia.

Ndipo Melania akaingia uani. Melania alikuwa dada yao, Eliabu na marehemu, yaani shangazi yake Yusta. Alimuuguza kaka yake mpaka mwisho, na kaka yake, kwa aibu, alimwapisha asiseme aliyoyaona chumbani mle. Akanyamaza miaka yote, hata siku Oresta alipopigwa teke gulioni alinyamaza. Siku hii alijitupa juu ya Oresta, akafungua kifua.

"Yusta, mimi ndiye niliyemwosha baba yako. Mama yako alimletea dawa ndani ya uji, baba yako akazitema. Mama yako alimpigia magoti, yeye akamtukana. Kaka aliniambia kwa kinywa chake, Oresta asilaumiwe, nimekataa mwenyewe. Eliabu alikuwa mlangoni anasikia."

Fimbo ya Eliabu ikamvunja meno. Akatema damu, akayasema upya yote. Fimbo ikamvunja mkono. Akayasema tena.

Neno la mama binti anaweza kulitilia shaka. Neno la shangazi, katika ukoo ule, ni neno la baba mwenyewe. Yusta akageuka, akaja mbio, akawalalia mama yake na shangazi yake, na fimbo iliyofuata ikatua mgongoni mwake. Vijana walipoona wanampiga mtoto wa ukoo wakatupa fimbo zao, wakakimbia. Majirani wakamfunga Eliabu kamba, na polisi wakamkuta bado anatukana.

Miaka ikapita, Yusta akaposwa. Mahari ya huko huja na blanketi la mama, moja tu, zito. Hufunikwa yule aliyeteseka kwa ajili ya binti, na mama mzazi akifa, aliyefunikwa ndiye anayekuwa mama wa binti, kwake ndiko nyumbani kwao binti maisha yote. Oresta alilipokea, akasimama nalo mbele ya wakwe.

"Mimi sijifuniki," akasema. "Nitamfunika aliyenirudishia mwanangu."

"Basi lilete," Batromea akasema palepale, mnamjua. "Bila mimi ungekimbia, ukakatwa mgongo. Nimetukanwa mshenzi kliniki nzima kwa ajili yako."

"Na nani aliyekuwa akisema bado, bado, mpaka Eliabu akatangulia?" mzee mmoja akauliza.

Kastori aliinua mkono wake wenye vidole viwili. "Mimi sina maneno mengi," akasema.

"Ila nyengo ilikuwa yako," Batromea akamwambia, na Kastori akaushusha mkono.

Melania alikuwa ameinamisha kichwa. "Nilivunja kiapo cha maiti," akasema kwa taabu, kwa kile kinywa kisicho na meno ya mbele. "Sijui kama mtu wa hivyo hufunikwa."

"Ungekivunja mapema, shangazi," Yusta akasema polepole, "nisingeishika nyengo." Kisha akajifunika uso, kwa sababu alimpenda kuliko wote, na alikuwa amemwumiza.

Oresta akamsogelea binti yake, akamwekea blanketi mikononi. "Nikifa, ni wewe utakayemhitaji," akamwambia. "Mfunike wewe."

Yusta hakuweza kupiga hata hatua moja.

Na msinijibu likatwe vipande vitatu. Nimeshaambiwa hivyo na wajanja wengi, na kipande cha blanketi hakimfuniki mtu kwenye baridi ile. Wewe uliyekaa karibu na mlango, umenyamaza tangu nimeanza. Lishike. Wakwe wanangoja, mama yuko hai leo, kesho hatujui. Je, wewe ungemfunika nani?