Nyapara, Mpishi na Duara Jekundu

Isome polepole hadi mwisho, kisha umpe na jirani yako.

Katika kambi moja ya wakata mkonge palikuwa na mpishi aitwaye Somoe. Kila alfajiri aliwapikia wafanyakazi uji, na kwa kazi hiyo alipewa chumba cha kulala yeye na wanawe wawili.

Likamtoka doa jeupe mkononi, chini kidogo ya kiwiko. Likawa mawili, yakawa matatu. Akaanza kuvaa gauni la mikono mirefu, lakini sufuria la uji wa watu sitini halikorogwi na mikono mirefu. Watu wakaona.

Nyapara wao, Semkiwa, alikuwa mtu wa sauti kubwa. Asubuhi moja alilisukuma bakuli lake kwa mguu.

"Huu ni ukoma! Leo mnakunywa uji, kesho mtahesabu vidole! Mama, jua likizama, wewe na wanao muwe mmeshatoka kambini."

Somoe akawatazama wanawe. Angewapeleka wapi watoto?

Siku hiyo Nesi Tumpale wa zahanati alikuwa amekuja kambini kuchanja watoto. Alisikia kelele, akasogea.

"Acheni kuhukumu kwa macho," alisema, akatoa simu. "Humu mna akili mnemba iliyofundishwa kwa picha nyingi za magonjwa ya ngozi. Ikiona doa la kutilia shaka, inalizungushia duara jekundu. Haimalizi kazi, mimi napima baada yake. Somoe, twende ndani."

"Ndani kufanya nini?" Semkiwa akadakia. "Hapa hapa, mbele ya watu! Msije mkapikiana majibu huko."

Watu wakacheka. Nesi akamgeukia Somoe.

"Mwili ni wako, dada. Ukikataa, hakuna wa kukulazimisha."

Somoe alijua kwamba akikataa, amekwisha. Akakunja mkono wa gauni.

"Piga tu, nesi."

Nesi akainua simu.

"Siyo hapo!" Semkiwa akaruka mbele, akanyoosha mkono mpaka kidole chake kikakaribia kuligusa doa. "Hili kubwa! Lipige hili!"

Picha ikapigwa. Simu ikafikiri, ikafikiri. Somoe akachungulia kioo cha simu. Hatimaye duara jekundu likatokea, naye akajua yamemfika.

Kisha akatazama vizuri. Duara halikuwa kwenye mkono wake. Lilikuwa pembeni ya picha, limezunguka baka hafifu lililokuwa nyuma ya kiganja cha mtu mwingine, karibu na kidole gumba.

Nesi akaificha simu kifuani. "Nyapara, tuingie ndani, mimi na wewe."

"Unaogopa nini? Waonyeshe!"

"Nakuomba, baba."

"Au umehongwa uji?" Semkiwa akainyakua simu, akaiinua juu watu waione. Wa mbele wakaona kabla yake. Kicheko kikakatika.

Naye akatazama simu, halafu akatazama kiganja chake.

"Hiki? Hiki ni utomvu wa mkonge, uliniunguza. Mwaka wa pili huu. Mashine yenu imelewa."

"Inaweza kukosea," nesi akajibu. "Ndiyo maana nina pamba: doa la ukoma halihisi likiguswa."

Akaanza na Somoe. Somoe akafumba macho, na kila pamba ilipogusa doa akasema, "Hapo. Hapo. Na hapo."

"Anahisi vizuri. Nionavyo ni fangasi, dada. Utapaka dawa, madoa yataisha."

"Nipime na mimi, tumalize upuuzi huu!" Semkiwa akafumba macho, akanyoosha mkono. Nesi akainama juu yake.

Hakuna aliyekohoa.

"Haya, anza basi, nesi," Semkiwa akasema, macho bado kayafumba. "Tunachelewa shamba."

Pamba ilikuwa imeshamgusa mara nne.

Kile kimya ndicho kilichomfumbua macho. Akaiona pamba imelala juu ya kiganja chake, na yeye hana habari. Watu walewale waliokuwa wakimcheka Somoe wakarudi nyuma hatua mbili.

"Msimkimbie," nesi akasema kwa sauti. "Kesho aje zahanati tuhakikishe. Hata kama ni ukoma, unatibika, vidonge vyake ni bure, na mtu akishaanza dawa muda si mrefu haambukizi tena."

Semkiwa alikaa chini penye vumbi.

"Atoke!" mkata mkonge mmoja akapaza sauti. "Jua likizama awe ameshatoka! Sheria si yake mwenyewe? Somoe, wewe ndiye uliyeaibishwa. Sema neno!"

Wote wakamtazama Somoe. Ni kweli, neno moja tu lingetosha. Somoe akashusha mkono wa gauni lake, taratibu.

"Kesho nenda na nesi, nyapara," akasema. "Ukichelewa kurudi, uji wako nitaufunika. Utaukuta wa moto."

Funzo: Usitake ugonjwa wa mwenzako uanikwe hadharani, kwani hujui kipimo kitaonyesha nini kikifika kwako. Doa la ngozi lipelekwe zahanati likapimwe, na mwenye doa abaki kuwa mtu wetu.