Mkato wa Kaskazini

Kabla mawe ya Rasi ya Mkole hayajaanza kukatwa mgongoni, yalitoka baharini mazima, na hakuna aliyeuliza yalikuwa yamelalaje. Wanawake walishuka mwambani maji yakitoka, wakachokoa pweza mashimoni, wakarudi. Kila kilichotoka baharini kilioshwa kwa maji ya kisima kabla ya kuvuka kizingiti, iwe pweza, kombe au mguu wa mtu. Nyumba iliyoingiza chumvi ilihesabiwa imemkaribisha asiyealikwa.

Ndipo akaja Dakta Kajuna, mtaalamu wa miamba, akitaka vipande vya jiwe jeusi lililopita kama mshipa katikati ya mwamba. Wazee walikataa. Somoe Mkwachu, kiongozi wa wachokoaji, alisimama barazani akamtetea.

"Nikirudi na aibu," alisema, "mwamba mpeni kiongozi mwingine."

Wazee wakaridhia. Siku ya mwisho ya bamvua, maji yanapokupwa mbali, Kajuna alibandua vipande saba, kila kimoja akakichora mshale wa kaskazini kwa kalamu ya rangi. Wanawake wakajitwika. Alipowafuata alivikuta kisimani vimepangwa, vinameta.

"Mishale iko wapi?"

"Yale madoa?" Somoe akajibu, kumbi la nazi na majivu bado mkononi. "Tumeyatoa yote, Dakta. Safi kama sahani za harusi."

Kajuna akakaa chini. Aliwaeleza kwamba jiwe lile lilikuwa uji wa moto, ukapanda kwenye ufa nchi ilipokuwa inapasuka. Lilipopoa, chembe zake za chuma zilielekea kaskazini ya wakati ule. Anayejua jiwe lilivyolala mwambani hujua nchi ilikaaje kabla bahari haijaingia kati.

"Na asiyejua?"

"Ana jiwe la kusugulia miguu, mama."

Kibali chake kingeisha kesho yake. Mwamba usingeonekana tena kwa wiki mbili, na maji yalikwisha kugeuka. Somoe hakungoja. Alijitwika jiwe la kwanza akarudi mbio alikotoka, wenzake na Kajuna nyuma yake. Mashimo ya mwamba ule aliyajua kwa nyayo, kwa miaka thelathini ya kutafuta pweza.

Jiwe lilizungushwa ndani ya shimo lilimobanduliwa hadi likakaa bila kutikisika, Kajuna akalichora, likatolewa. La pili likakaa. La tatu lilikataa mashimo mawili. Walipomaliza la sita maji yalikuwa kiunoni, na shimo la saba lilikuwa mbele zaidi, bondeni.

"Somoe, toka!" Sikudhani, shoga yake, akapiga kelele. "Pweza wenyewe wameshahama!"

Somoe alikwenda. Maji yalimfika kifuani. Alizama na jiwe, akalizungusha, likacheza. Akaibuka, akavuta pumzi, akazama tena. Mara ya tatu lilinasa, naye akalisikia viganjani. Lakini kalamu ingeandikaje chini ya maji? Akaibuka akapaza sauti: "Dakta! Nyoosha mkono!"

Kajuna, dira mkononi, akaunyoosha kuelekea kaskazini. Somoe aliukazia macho, akazama na chuma chake cha kuchokolea pweza, akakwaruza mgongo wa jiwe kuufuata mkono ule. Wimbi lilimpiga, chuma kikapotea. Jiwe hakuliachia.

Wakarudi kisimani. Sikudhani akalimwagia maji lile la saba, akalisugua kwa kumbi na majivu kama desturi ilivyotaka. Akalisugua tena. Mkato ulibaki. Yale sita nayo yakakatwa juu ya mishale yake kabla ya kuoshwa.

Mwaka uliofuata Kajuna alirudi barazani na jibu: rasi ile na kisiwa kilicho ng'ambo ya bahari vilikuwa nchi moja, na jiwe la saba ndilo lililoonyesha vilivyoungana. Wazee wakamgeukia Somoe. Aliuliza tu kama kuna aliyeokota chuma chake.

Na tangu siku hiyo, jiwe la Rasi ya Mkole halibanduliwi kabla ya kukatwa mgongoni kuelekea kaskazini, na mwenye kulikata ni mchokoa pweza. Kisha huoshwa, tena kwa majivu, kwa sababu chumvi ni chumvi.