Kipande cha Tumbo la Kiboko

Jiko limezimwa?
— Limezimwa!
Mikono mmenawa?
— Tumenawa!
Nani bado ana njaa?
— Sisi!
Njaa ya nini?
— Ya hadithi!
Haya, sogeeni. Wadogo wakae mbele, wakubwa wasiwafinye.

Hapo kale wanyama walikuwa na mji wao kando ya mto, na katika mji huo aliishi Kiboko. Kiboko alikuwa na nguvu, na alikuwa na tumbo. Nguvu zake zilijulikana mtoni, tumbo lake lilijulikana kote. Ukimwalika harusini, anakuja. Ukimwalika matangani, anakuja. Usipomwalika, pia anakuja. Akikaa kwenye sinia, mkono unachota, kwap! Koo linameza, gubu! Kwap, gubu! Kwap, gubu! Mwenyeji anaongeza pilau, na Kiboko anaongeza mkono.

Mji ule ulikuwa na desturi yake. Kila sinia lilikuwa na mkubwa wake. Mkubwa ndiye anayetanguliza mkono, na mkubwa ndiye anayenawa kwanza. Akishanawa, wote wa sinia lake wananawa, hata kama tonge limefika mdomoni. Na mkubwa akikaa tu bila kula, mwenyeji ameaibika, maana yake chakula chake ni kibaya.

Wadogo walipenda sana sinia la Kiboko, kwa sababu Kiboko hakuwa mtu wa kunawa mapema. Hata Kobe, anayefinyanga tonge moja mpaka wengine wamemaliza upande mzima wa sinia, kwa Kiboko alikuwa anashiba.

Siku moja Kiboko alikuwa anatoka mtoni. Mguu ukazama topeni, dwii! Akavuta, magoti yakakataa. Moyo ukampiga ndu-ndu-ndu kama ngoma iliyolegea. Ikabidi Tembo aje amvute kwa mkonga, na alipomtoa hakumcheka. Alisema tu, "Tope la leo ni baya, hata mimi lingenishika." Wema wa namna hiyo, wanangu, msiupite bila kuuona.

Mnana, yule ndege mdogo anayejishonea nyumba kwa mdomo, ndiye aliyekuwa mganga wa mji. Akaja, akamwekea Kiboko sikio kifuani.

"Baba Kiboko, ukiendelea kula hivi, mvua zijazo hutaziona."

"Basi nitapunguza."

"Ulishawahi kupunguza?"

"Kila asubuhi napunguza."

"Na jioni?"

Basi akalazwa chali, akapewa majani ya usingizi. Nungunungu akatoa mwiba, Buibui akatoa uzi. Mnana akakata tumbo, akaondoa pande kubwa, akashona lililobaki. Chwi, chwi, chwi. Kiboko alipoamka, tumbo lake lilikuwa dogo kama kifuu cha nazi.

Mnana akamwambia, "Kula kidogo. Tafuna mpaka chakula kisahau kilikuwa chakula gani. Ukisikia kwikwi, acha hapo hapo. Ukizidisha, uzi utakatika utakufa, na hata mimi sitaweza kukushona mara ya pili."

"Nimesikia," akasema Kiboko.

Akarudi nyumbani. Mama Kiboko, mkewe, alikuwa ameshaificha sufuria kubwa juu ya dari. Akampikia uji wa kikombe kimoja, akaupuliza mwenyewe, fuu, fuu. Mama Kiboko naye akawa anakula chakula chake nyuma ya nyumba, upande ambao upepo hautaleta harufu.

Siku zikaenda, Kiboko akapungua. Akipita njiani watu wanasema, "Mzee, umependeza!" Kiboko anageuka nyuma kutazama wanamwambia nani.

Ukafika wakati Twiga akafanya sherehe. Kiboko akaenda, akakaa kwenye sinia lake. Mkono ukachota, kwap! Koo likameza, gubu! Mkono ukachota, kwap! Koo likasema, kwik!

Kwikwi. Kiboko akakumbuka uzi, akaogopa. Akaomba maji, akanawa.

Na alipokwisha kunawa, wote wakanawa. Watoto wa Digidigi wakalamba vidole, wakanawa. Kobe alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kufinyanga tonge lake la kwanza. Akalitazama, akalirudisha taratibu kwenye sinia, akanawa.

"Tumeshiba, mzee wetu," akasema Kobe.

Na tumbo lake likasema, nguruu.

Tangu siku ile Kiboko hakwenda tena kwenye sherehe. Alikaa majini, masikio tu yako juu. Wakati mwingine alilia, na hakujua analilia nini. Siku moja alimwita mkewe.

"Mama Kiboko, nimeshiba."

"Vizuri, baba."

"Lakini nina njaa."

"Nikuletee uji?"

"Hauna pa kuingia."

"Sasa hiyo njaa iko wapi?"

"Ndiyo nakuuliza wewe!"

Mama Kiboko akafikiri sana. Akaja akakaa ubavuni kwake majini, ingawa maji yalikuwa ya baridi na alikuwa na mafua.

Juu ya mti alikuwepo Kindi. Mnamjua Kindi? Kiwiliwili kidogo, mkia mkubwa, na mashavu ya kubebea chakula. Kindi yule alikuwa na watoto wengi na uvivu mwingi. Aliposikia maneno ya Kiboko, mkia ukamsimama. Kesho yake akashuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama umekuja kuniambia nimependeza, rudi juu."

"Sikuja kwa hayo. Nimekuja kukuambia njaa yako iko wapi."

Kiboko akatoa kichwa kizima nje ya maji.

"Siku ile ulipokatwa," akasema Kindi, "lile pande la tumbo lilitupwa kichakani. Nikapita, nikalikuta linatetemeka. Nikasema, jamani, kipande cha mzee kilale nje na umande huu? Nikakimeza."

"Ukakimeza!"

"Kwa heshima, mzee. Sasa kiko humu, na kinalia usiku na mchana. Hiyo njaa unayoisikia si yako tena. Ni ya kwake. Wewe unaisikia kwa mbali, kama mtu anayesikia ngoma ya kijiji kingine."

"Kinaliaje?"

Kindi akashika tumbo lake, akaimba:

*Kipande, kipande cha mzee, uko wapi?*
*Niko kwa Kindi, nimefungiwa ndani.*
*Kipande, kipande cha mzee, wataka nini?*
*Nataka tonge, tonge lenye mchuzi.*

Kiboko akasikiliza. Akatazama kikombe chake cha uji, akatazama mihogo ambayo mkewe alikuwa amewawekea wageni. Akachukua muhogo, akampa Kindi.

Kindi akatafuna, nyam, nyam. Nusu tumboni, nusu shavuni.

"Kimenyamaza?" akauliza Kiboko.

"Kimenyamaza."

Kiboko akashusha pumzi, huuu. Ndani yake kitu kilikuwa kimetulia. Kitu gani, hakujua.

Kesho yake Kindi akaja. "Mzee, kipande chako kinalia." Akaimba, akapewa ndizi. Nyam, nyam. Huuu. Kesho kutwa akaja. "Mzee, kipande chako kinalia." Akaimba, akapewa mahindi. Nyam, nyam. Huuu. Nyumbani kwa Kindi watoto wakanenepa mpaka tawi likapinda.

Siku nyingine Kindi akasema, "Leo kinataka karanga. Kinasema zikaangwe."

"Mimi sijawahi kupenda karanga."

"Kimebadilika, mzee. Mambo ya kukaa ugenini."

Zikakaangwa. Ikawa sasa Kiboko anazungumza na kile kipande. Anainamisha kichwa kwenye tumbo la Kindi, anauliza, "Unaukumbuka ule uji wa mtama wa mama yangu? Ule wa asubuhi za baridi? Alikuwa ananibakizia ulioganda pembeni mwa chungu." Kindi alikuwa na karanga mashavu yote mawili. Akaitikia kwa kichwa.

Mara moja tu Kiboko alijisahau. Muhogo ulikuwa wa nazi, bado una mvuke, akauelekeza kinywani kwake mwenyewe. Kindi akaruka, akampiga kofi mkononi, pa!

"Mwachie mwenyewe!" akapiga kelele.

Alimaanisha kipande, au alimaanisha Kindi? Wanangu, mimi sikuwepo.

Ndipo Tembo akamwoza binti yake, na mji mzima ukaalikwa. Kiboko hakuweza kukataa, kwa kuwa Tembo ndiye aliyemtoa topeni. Akamwita Kindi.

"Nimekwama. Nikila na wenzangu, uzi unakatika nakufa. Nikinawa mapema, watoto wa watu wanalala na njaa kwa ajili yangu. Nikikaa bila kula, namwaibisha Tembo. Nifanye nini?"

Kindi akasikia neno pilau kabla halijatamkwa. "Twende wote, mzee. Wewe utakula sehemu yako, na kipande kitakula sehemu yake."

Wakaenda. Kiboko akakaa kwenye sinia lake, Kindi juu ya goti lake. Kobe akaja mapema, ameshanyoosha shingo. Watoto wa Digidigi wakajipanga.

Mkono wa Kiboko ukachota, kwap! Gubu. Ukachota, kwap! Kwik! Wadogo wote wakatazamana. Kobe akaanza kurudisha tonge lake. Lakini Kiboko hakuomba maji. Mkono ukachota, kwap! Ukaenda kwa Kindi. Nyam!

"Mkubwa wetu bado anakula," akasema Kindi, mashavu yamejaa. "Tumbo lake ni moja, nyumba ni mbili. Haya, kuleni!"

Wakala! Kwap, nyam! Kwap, nyam! Watoto wa Digidigi wakala mpaka masikio yakalegea.

Sinia la jirani lilikuwa la Fisi, na Fisi alikuwa amemaliza hata mifupa. Akaona sinia la Kiboko bado linaendelea, roho ikamuuma.

"Nyie! Huo ni utapeli! Tangu lini tumbo la mtu likakaa kwa mtu? Mganga si huyu hapa? Mnana, sema, kile kipande ulikipeleka wapi?"

Mnana ni mkweli, na mkweli hajui kukaa kimya.

"Kile kipande? Siafu walikibeba siku ile ile. Niliwaona kwa macho yangu wakiondoka nacho."

Pilau ikamkwama Kindi kooni, kho! Kiboko akamshika mkia, akamninginiza mbele ya uso wake.

"Nilikuwa nazungumza na nani siku zote zile?"

"Na mimi, mzee."

"Nilipokuambia habari za mama yangu?"

"Nilisikia, mzee. Mdomo ulikuwa umejaa, lakini masikio yalikuwa matupu."

"Ukanidanganya."

"Nilikudanganya, mzee. Nina watoto, na kazi inanichosha."

"Na njaa yangu ilikuwa inakwenda wapi?"

Kindi akafikiri, kichwa chini miguu juu.

"Wallahi sijui. Mimi nilikuwa natafuta dawa ya njaa yangu tu. Yako kunyamaza ilinishangaza hata mimi."

Kiboko akapumua kama mvukuto. Alikuwa na hasira, alikuwa na aibu, alikuwa na hamu ya pilau, na vyote vilikuja pamoja asijue kipi ni kipi. Angemkanyaga Kindi, nani angemlaumu? Angeinuka akaenda zake. Angeingiza mikono yote miwili kwenye sinia, yakaisha yote, na uzi na yeye.

Pembeni pakatoka sauti ndogo. Kobe alikuwa ameshikilia tonge lake hewani.

"Mzee wetu," akauliza, "ninawe?"

Kiboko akamtazama Kobe. Akamtazama mtoto mdogo wa Digidigi, aliyekuwa amefunika pilau yake kwa viganja ili isiondolewe. Akamrudisha Kindi gotini. Mkono ukashuka, ukachota, ukafinyanga. Tonge likapanda mpaka mdomoni kwake mwenyewe. Mama Kiboko, kule upande wa wanawake, akasimama. Mnana akafumba macho. Kiboko akalinusa lile tonge, akalinusa tena, machozi yakamtoka.

"Fungua mdomo," akasema.

"Mimi?" akauliza Kindi. "Lakini mzee, umesikia. Hakuna kipande."

"Nimesikia. Fungua mdomo, Kindi. Kobe hajamaliza."

Sasa, wanangu, hadithi hii inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba mwongo hali kitu.
— Lakini alikula!
Basi inatufundisha kwamba kila mtu ale tonge lake mwenyewe.
— Mbona Kiboko hakula lake?
Basi inatufundisha msiulize maswali mengi baada ya chakula. Na anayetaka kujua kama Kiboko alishiba au hakushiba, akamuulize Kiboko. Nasikia yeye mwenyewe bado anajiuliza.

Hadithi nimeifinyanga, mkononi mwenu nimeiweka. Anayeweza aimeze, asiyeweza amlishe mwenzake.