Mkwe Aliyemshika Mama Mkwe

Paukwa!

Pakawa!

Hapana. Hiyo pakawa imetokea puani. Nataka itoke kooni, kwenye koo lililo wazi, maana hadithi ya leo ni ya koo. Paukwa!

Pakawa!

Afadhali. Na wewe uliyejaza mahindi mdomoni, tafuna kwanza, umeze. Nitakusubiri, sina haraka. Umemeza? Haya, tuanze.

Hapo kale, kale ile ambayo kila kuku alikuwa na jina lake, palikuwa na kijiji kilichopenda mila kuliko chakula. Ukipiga chafya, kuna mila yake. Ukivuka kizingiti kwa mguu wa kushoto, kuna mila yake. Katika kijiji hicho aliishi kikongwe mmoja, Bibi Nakiete. Mgongo wake ulikuwa umepinda, vidole vimekakamaa, hata bakuli la uji alilishika kwa viganja viwili. Zamani alikuwa mkunga, na karibu kila aliyetembea pale kijijini alipokelewa na mikono yake. Watu walimheshimu mno Bibi Nakiete. Walimheshimu mno hata wakasahau kumsikiliza.

Sasa sikilizeni mila kubwa kuliko zote pale, mila ya mkwe. Mwanamume asimtazame mama mkwe usoni. Asimguse. Asiseme naye. Akiwa na neno, akiambie kinu, kinu kimwambie mama. Mama naye akijibu, akiambie kinu. Na mkwe akimgusa mama mkwe, hata kwa ncha ya kidole, ndoa imekufa. Kitanda chake kinatolewa nje, mke anarudi kwao, na hakuna wa kumtetea.

Palikuwa na kijana mfuga nyuki, jina lake Semboja. Alimwoa Namkunda, na alimpenda hadi akawa anamtwangia mahindi mchana kweupe, wenzake wakamcheka, naye asijali. Miaka saba ya ndoa, Semboja hakuwahi kuuona uso wa mama mkwe wake, Mama Namkunda. Alimjua kwa visigino. Angewekewa wanawake ishirini nyuma ya pazia, angekuonyesha visigino vya mama mkwe bila kukosea.

Basi siku moja Semboja na mkewe wakaenda kumsalimia mama. Ilikuwa adhuhuri, kijiji kizima kiko shambani, isipokuwa wasioweza jembe. Namkunda akachukua mtungi, akashuka mtoni. Mama Namkunda yuko jikoni anamkaanga kuku wa mkwe. Semboja yuko uani, amekaa kwenye kigoda, ameligeuzia jiko mgongo, anatazama ua wa miti. Katikati yao kinu.

"Ee kinu," akasema Semboja, "mwambie mama nimefika salama."

"Ee kinu," Mama Namkunda akajibu kutoka jikoni, "mwambie mkwe karibu, kuku yuko motoni."

"Kinu, mwambie mama ahsante."

"Kinu, mwambie mkwe asogee kivulini, jua kali."

Kinu kikanyamaza, kama kawaida yake.

Sasa, kwenye sufuria ile mlikuwa na firigisi. Na kwa mila ya pale, firigisi haliliwi na mwanamke. Firigisi ni la mwanamume, na siku mkwe akija, ni la mkwe. Mama Namkunda alikuwa amekaanga mafirigisi miaka hamsini, na hakuwahi kujua firigisi lina ladha gani. Alimkaangia baba yake, akamkaangia mumewe hadi mumewe akafa, sasa anamkaangia mkwe. Siku ile lilinukia vibaya sana. Ninasema vibaya kwa kuwa lilinukia vizuri kupita kiasi.

Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akajiambia, "Ngoja nionje chumvi tu." Akalitia lote mdomoni.

Akatafuna mara moja. Mara hiyohiyo, kule uani, kigoda cha Semboja kikalia: kwiiich!

Mama Namkunda akadhani mkwe anageuka. Akashtuka, akalimeza zima zima. Firigisi likashuka, likafika katikati ya koo, likakaa. Halikwenda mbele, halikurudi nyuma.

Akataka kukohoa, kikohozi hakuna. Akataka kupiga kelele, sauti hakuna. Akashika koo kwa mikono miwili.

Kule uani Semboja anaendelea na adabu zake. "Ee kinu, mwambie mama harufu ya kuku ni nzuri."

Kimya.

"Kinu, umemwambia?"

Kimya.

Moyo wa Semboja ukaingia baridi. Akasema moyoni, mama amenikasirikia. Akaanza kutafuta kosa lake. "Ee kinu, mwambie mama, kama ni ile asali ya mwaka juzi, kweli ilikuwa na nyuki wawili ndani, nisamehewe." Kimya. "Kinu, kama ni pale nilipocheka msibani, nilikuwa nimekumbuka jambo lingine." Kimya. Sufuria ikaanguka: ngwaaa! "Kinu, kumbe ni zito. Muulize mama anataka nikiri lipi, nitakiri."

Mara akasikia vishindo. Ti! Ti! Ti! Mama Namkunda katoka jikoni anayumba, anakanyaga chini kwa nguvu mtu amsikie. Semboja akavitupia jicho visigino. Vilikuwa vya mama, lakini vilikuwa vinacheza. Haraka akageukia ua, akafumba macho. "Kinu, mwambie mama kama ni ngoma, ningekuja na njuga."

Jamani, msimcheke. Na ninyi mngefanya hivyohivyo.

Akatokea Mzee Mhina. Huyu ndiye aliyekuwa mtunza mila, mzee wa fimbo, aliyejua makosa ya kila mtu na asiyejua hata kuzima moto jikoni kwake. Akamwona Mama Namkunda kakodoa macho, mdomo wazi, mikono kooni.

"Mama Namkunda, salama?"

Asijibiwe.

"Amenuna," akasema Mzee Mhina. "Mwanamke akinuna mbele ya mkwe, kuna taratibu zake. Kwanza tunamwacha anune hadi amalize."

Akaja jirani mmoja mjamzito, tumbo la miezi tisa limemtangulia hatua tatu. Mkononi ana kata ya maji. "Huyo hajanuna, huyo kapandwa na pepo. Tumwulize jina lake. Na anywe maji kidogo."

"Huwezi kumwuliza pepo jina kabla hajamaliza kununa," akasema Mzee Mhina.

"Pepo ndiye aliyenuna."

"Basi hilo ni jambo la kukaliwa kikao."

Wakabishana hapo. Na Mama Namkunda, midomo yake ikaanza kubadilika rangi, kama mtu aliyekula zambarau.

Hapo ndipo kichwa cha Bibi Nakiete kikachomoza juu ya ua. Alikuwa anaishi upande wa pili. Aliona mara moja tu. Hakuuliza nani kamkosea nani.

"Mama Namkunda, unaweza kusema?"

Akatikisa kichwa.

"Unaweza kukohoa?"

Akatikisa kichwa.

"Kuna kitu kimekwama kooni?"

Akaitika kwa kichwa, akaitika tena, machozi yanamtoka.

"Hajanuna," akasema Bibi Nakiete, "wala hana pepo. Amesakamwa. Anakufa hapo mbele yenu. Wewe, weka maji chini. Njia imeziba, unayamwaga yaende wapi? Na mtu asimtie kidole kooni, mtakisukuma zaidi. Anatakiwa mtu mwenye nguvu, sasa hivi."

Wakatazamana. Mzee Mhina anasimama kwa msaada wa fimbo. Jirani hata mikono yake mwenyewe haikutani mbele ya tumbo. Bibi Nakiete vidole havikunjuki. Mtu mwenye nguvu alikuwa mmoja tu pale, amefumba macho, anatazama ua.

"Semboja, geuka."

"Ee kinu," akasema Semboja, "mwambie Bibi Nakiete..."

"Usikiambie kinu. Niambie mimi."

"Bibi, nikigeuka sina mke."

"Usipogeuka, mkeo hana mama."

Semboja aliogopa, tena sana. Alikiona kitanda chake kiko nje. Alimwona Namkunda anaondoka na kanga zake kichwani, hageuki nyuma. Aliona jioni zote zilizobaki maishani mwake, anakula peke yake. Kisha akageuka, akafumbua macho.

Kwa mara ya kwanza akauona uso wa mama mkwe. Ulikuwa uso wa Namkunda. Macho yaleyale, paji lilelile, ila umezeeka, na unazimika. Semboja hakusubiri tena.

"Simama ubavuni pake," akasema Bibi Nakiete. "Mkono mmoja kifuani umshikilie, muinamishe mbele. Mwingine umpige katikati ya mabega, kwa chini ya kiganja, kwa nguvu. Mara tano."

Pu!

"Moja," akahesabu Bibi Nakiete.

"Kosa la kwanza," akahesabu Mzee Mhina. Akaokota kaa la moto lililozimika, akachora mstari ukutani.

Pu!

"Mbili."

"Kosa la pili."

Pu! Pu! Pu! Mistari mitano ukutani, na firigisi liko palepale.

"Sasa nenda nyuma yake," akasema Bibi Nakiete. "Mzungushie mikono. Kunja ngumi, iweke juu ya kitovu, chini ya mbavu. Mkono wa pili uishike ngumi. Vuta ndani na juu, kama unamnyanyua."

"Kumkumbatia?" akauliza Mzee Mhina. "Hilo halina hata mstari wake."

Hmp!

"Moja."

"La sita."

Hmp!

"Mbili. Vuta juu, mwanangu, usimwonee haya."

"La saba."

Hmp!

Fyuuu! Firigisi likatoka kama jiwe la manati, likapita juu ya kata ya maji, likampiga Mzee Mhina kwenye paji la uso, pa, likateleza taratibu hadi puani.

"La nane," akasema Mzee Mhina, kwa kuwa alikuwa mtu wa kumaliza alichoanza.

Mama Namkunda akavuta pumzi. Haaaaa! Akakohoa. Akavuta nyingine. Kisha akalia kwa sauti, na ile sauti, nawaambia, ilikuwa tamu kuliko taarabu. Semboja alikuwa bado amemshika, hajui amwachie wakati gani. Naye alikuwa analia.

Namkunda ndiyo kwanza anatoka mtoni, anamkuta mumewe amemkumbatia mama yake kwa nyuma, wote wawili wanalia, na Mzee Mhina ana firigisi puani. Mtungi ukamponyoka.

"Mkalisheni apumzike," akasema Bibi Nakiete, akizunguka ua na kuingia uani. "Alivutwa kwa nguvu, kwa hiyo leo nitamchunguza tumbo. Asiachwe peke yake." Akaomba asogezewe kigoda, maana alikuwa amesimama muda mrefu.

Alasiri watu wakarudi kutoka shambani, kikao kikaitishwa. Mzee Mhina akawaonyesha mistari minane ya mkaa. Alisema hana chuki na Semboja, ila mila ni mila. Vijana walikuwa wameshatumwa kukileta kitanda, nacho kikafika kabla ya hukumu, kikawekwa katikati ya kikao. Kwa kuwa vigoda havikutosha, wazee wawili wakakikalia.

"Ulimgusa?" akaulizwa Semboja.

"Nilimgusa."

"Mara nane?"

"Sikuhesabu. Nilikuwa naogopa."

Namkunda akamshika mumewe mkono mbele za watu. Alilia hadi kanga ikalowa. Sheria aliijua.

Bibi Nakiete akaomba neno. Wakampa, wakijua watamheshimu na kuendelea.

"Mzee Mhina, nikumbushe, mimi nimezeeka. Mama mkwe akifa katika kijiji hiki, nani anamchimbia kaburi?"

"Mkwe."

"Nani anambeba?"

"Mkwe, upande wa kichwa. Ni heshima yake."

"Na nani anashuka kaburini, ampokee kwa mikono yake miwili, amlaze?"

"Mkwe, Bibi. Kila mtu anajua."

"Basi mikono hii ingemshika tu," akasema Bibi Nakiete. "Kesho asubuhi ingemshika, nanyi mngesema mkwe mwema huyo. Kosa la Semboja ni kuwahi siku moja."

Wale wazee wawili wakainuka kitandani. Mzee Mhina akatazama ile mistari. Akaisogelea, akaanza kuifuta kwa kiganja, mmoja mmoja. Nitampa haki yake: alifuta yote minane.

Mama Namkunda akasimama. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika. Akamtazama Semboja usoni, akamwita jina lake, miaka saba hakuwahi kulitamka.

"Semboja."

"Naam, mama."

"Firigisi lilikuwa lako. Nililiiba."

"Nisamehe kwa kigoda, mama. Kingekaa kimya, ungetafuna vizuri."

Watu wakacheka, na wengine wakajifuta machozi. Tangu siku ile, kijana akitaka kuoa kijijini pale, aliitwa mbele ya mama mkwe kwanza. Akaonyesha ngumi inawekwa wapi, mkono unavutwa kwenda wapi. Kwa kuonyesha tu, si kwa kuvuta. Asiyejua, alirudishwa kwao akajifunze.

Mama Namkunda aliishi miaka kumi na minne zaidi, anakula firigisi, anatafuna polepole. Alipokufa, alikufa usingizini kwa uzee. Semboja akamchimbia kaburi. Akambeba upande wa kichwa. Akashuka, akampokea, akamlaza, na akakaa kule chini muda mrefu, analia. Namkunda alisimama juu akimsubiri. Hakuna aliyemharakisha.

Nanyi mnaonisikiliza, mtu akishika koo na hasemi, usimtafutie kosa wala pepo. Mwulize kama anaweza kusema, kisha mikono yako ifanye kazi. Heshima inayomsubiri mtu afe ndipo imshike haifai kitu.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeipata aende nayo nyumbani kwake.