Nyamizi na Tiketi ya Mwanza

Bosi Lyatuu, mwenye hoteli kubwa Arusha, hakuwa mtu wa kutoa likizo. Mpishi wake Nyamizi aliomba siku nne tu, akafokewa hata kabla ya kuulizwa ni za nini.

Alipofika mlangoni akageuka. "Bosi, ile tiketi ya ndege uliyonikatia niende mashindano ya mapishi Mwanza, yakafutwa... Shirika la ndege wamesema salio lake mwisho wa kutumika ni Jumapili hii."

"Nitalitumia mimi."

"Hawakubali, liko kwa jina langu. Tuliache lipotee tu. Mimi ndege naziogopa."

"Hela yangu ipotee? Utapanda!"

"Nikafanye nini Mwanza, bosi wangu?"

"Ukaonje samaki! Ujifunze wenzako wanavyopika. Na nisikuone hapa kabla ya Jumatatu!"

Nyamizi akatoka akijifuta macho kwa aproni.

Jumamosi jioni bosi alimpigia simu, akasikia ngoma na vigelegele. "Samaki umeonja?"

"Nimeonja, bosi. Wametosha wageni wote mia tatu."

"Wageni gani?"

"Wa harusi."

"Harusi ya nani?"

"Subiri kidogo," alisema Nyamizi, "nikupe mume wangu akushukuru kwa tiketi."