Kifaru Alipompa Pimbi Shikamoo

Hamjambo wanangu? Sogeeni, sogeeni hapa. Wewe wa nyuma, acha kumvuta mwenzako shati. Nataka kimya. Anayetaka kukohoa akohoe sasa amalize. Tayari? Haya.

Zamani zile, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko na watoto wa shule kama ninyi, alikuwepo Kifaru mmoja, mkubwa, mnene, ana pembe mbili na hasira haziishi. Alikuwa na mke, na binti mmoja jina lake Chausiku.

Chausiku alisoma darasa moja na Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mnyama mdogo anayekaa kwenye mawe, hamzidi sungura kwa ukubwa. Walikaa dawati moja, la nyuma kabisa, maana Mwalimu Ngiri alisema mtoto wa Kifaru akikaa mbele atawaziba wenzake.

Sasa mwalimu akiandika, Chausiku anaona ubao tu. Maandishi haoni. Anaona ukungu, kama moshi wa kuni mbichi. Mimi najua uchungu wa kutazama ubao ukaona ubao tu, lakini hayo ya kwangu tuyaache.

"Pimbi, ameandika nini?"

"Ameandika, mama anapika uji."

Chausiku anaandika. Muhula mzima hivyo hivyo, pss pss pss, Pimbi anasoma, Chausiku anaandika, mwalimu hajui kitu.

Jumatatu moja Pimbi akaumwa tumbo, hakuja shule. Siku hiyo Chausiku alirudisha daftari jeupe, halina hata nukta.

Mwalimu Ngiri akampa barua ya kupeleka nyumbani. Kifaru akaifungua, akaisogeza mpaka karibu na jicho, akasoma: mtoto wako ni mvivu.

"Ijumaa kuna mtihani wa kusoma ubaoni," Kifaru akasema. "Ukishindwa, shule basi. Utakaa hapa ukate miiba ya uzio."

"Baba, sioni."

"Huoni nini?"

"Ubao. Hata Daktari Tai alipokuja shuleni alisema nipelekwe kupimwa, labda nahitaji miwani."

"Miwani? Wewe mtoto? Miwani ndiyo inayoharibu macho. Na kwetu hakuna asiyeona. Mimi baba yako naona mpaka ng'ambo ya mto. Wale kule si mbuzi wa Nyati wanakula?"

Pimbi, tumbo likiwa limeshatulia, alikuwa amefika uani kumrudishia Chausiku kalamu. Akatazama ng'ambo ya mto. Hakukuwa na mbuzi hata mmoja. Kulikuwa na mawe meupe matano.

Pimbi akaangalia mawe, akamwangalia Kifaru, akaangalia tena mawe. Halafu akaaga, akaondoka taratibu.

Jumatano mchana Pimbi alichukua debe tupu na kibuyu cha maji. Akatoka nje ya uzio wa Kifaru, hatua kama sitini hivi, akapanda juu ya kichuguu. Akanyoosha kidole kupima upepo, maana pua ya Kifaru si ya kuchezea. Upepo ulikuwa unatoka kwa Kifaru kumjia yeye. Vizuri.

Akapiga debe. Du. Du. Du. Kama miguu mizito inatembea. Halafu akaingiza mdomo ndani ya debe.

"Hodiii hapa."

Kifaru akainuka kwenye kigoda. "Karibu. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi Tembo. Nimesikia habari za binti yako, nimekuja kukuona."

Kifaru akafuta vumbi magotini, akainamisha kichwa kwa heshima zote. "Shikamoo mzee."

Pimbi akaungama moyoni dhambi zake zote. Kisha akasema ndani ya debe, "Marahabaa."

"Pita ndani mzee."

"Uzio wako mdogo, nitauvunja. Napumzika hapa hapa nje. Ila njaa inaniuma."

"Mama Chausiku," Kifaru akaita, "pika. Mzee Tembo amekuja."

Kutoka jikoni mkewe akajibu, "Tembo mzima? Basi niongeze sufuria."

Punde Pimbi akamwaga maji ya kibuyu juu ya kichuguu. Chwaa. Akakoroma. "Kifaru, mimi Kiboko. Nimetoka mtoni mbio mbio, habari za hapa?"

"Nzuri, shemeji. Kaa na mzee Tembo hapo. Mama Chausiku, ongeza. Kiboko naye kafika."

Baada ya Kiboko akaja Nyati, kwa mlio wa kukwaruza debe na jiwe. Kifaru akawapigia wote watatu soga kutoka kibarazani, akawaambia mtoto wake ni mvivu, na kwamba yeye macho yake ni makali kuliko ya kijana yeyote.

"Sisi hapa unatuona vizuri?" likauliza debe.

"Nawaona kama ninavyouona mkono wangu. Mzee, umenenepa tangu mwaka jana."

Hapo mkewe akatoka jikoni na sufuria ya kwanza ya viazi kichwani, ya pili mkononi, jasho linamtoka. Akasimama mlangoni. Akatazama huku, akatazama kule.

"Baba Chausiku, wageni wako wapi?"

"Si hao mbele yako?"

"Mbele yangu wapi?"

"Mwanamke, pale. Tembo amesimama, Kiboko kalala, Nyati nyuma yao."

Sufuria ya mkononi ikamponyoka. Pwaa. Viazi vikabingirika uani. "Pale kuna kichuguu," akasema polepole. "Na juu yake yuko Pimbi, rafiki wa mwanao, ameshika debe."

Kifaru akapiga hatua moja kuelekea kichuguu.

"Pimbi?" Kifaru akasema. "Nimempa shikamoo mtoto?"

"Na akakuitikia," mkewe akasema. "Nilisikia nikiwa jikoni."

Damu ikampanda Kifaru kichwani. Akashusha pembe, akatimua vumbi, akapita uzio wake mwenyewe, akakigonga kichuguu. Pu. Kichuguu kikapasuka vipande. Pimbi alikwisharuka zamani, amesimama hatua kumi pembeni.

"Nimekupata," Kifaru akauambia udongo.

"Niko huku, baba," Pimbi akasema. "Shikamoo. Nisamehe. Ila unavyoniona mimi sasa hivi, Chausiku ndivyo anavyouona ubao."

Kifaru akageuka. Pale ilipotoka sauti aliona doa la kahawia. Akakodoa, akafinya jicho, doa likabaki doa. Akaketi chini, mzigo wote ule, kwenye vumbi.

"Miaka kumi na miwili tumeoana," mkewe akasema. "Ndiyo maana nikikupungia mkono nikirudi shambani hupungi. Mimi nikidhani una maringo."

"Nilidhani kila mtu anaona hivi," Kifaru akasema.

Alhamisi asubuhi walikwenda wote kwa Daktari Tai. Akawasimamisha mbali na kibao chake cha herufi, akawabadilishia vioo, hiki, au hiki, kipi kizuri zaidi.

"Macho yenu yanaona vya karibu, vya mbali yanavikosa," daktari akasema. "Si uvivu. Hali hii mara nyingi hutembea kwenye ukoo, mzazi na mtoto. Na miwani haiharibu macho, hiyo waachieni wanaopiga porojo. Huyu binti bado anakua, mleteni kila mwaka apimwe tena. Akisoma, asibandike kitabu puani, na apumzike mara kwa mara atazame mbali. Kila siku acheze nje kwenye mwanga wa mchana. Miiba ya uzio kateni wenyewe."

Chausiku akavaa miwani yake. Akatazama dirishani.

"Baba, mti una majani."

"Miti yote ina majani."

"Moja moja, baba. Yanaonekana moja moja mpaka kule juu."

Kifaru akavaa yake, ikakaa sawasawa nyuma ya pembe. Akatazama dirishani kwa muda mrefu.

"Ule mlima," akauliza kwa sauti ndogo, "umewekwa lini?"

Hakuna aliyemcheka.

Ijumaa, mtihani. Mwalimu Ngiri akaandika sentensi tano, akasema, "Chausiku, kutoka hapo hapo ulipokaa. Soma kila kilichoandikwa ubaoni."

Pimbi akafungua mdomo kunong'ona, Chausiku akamziba kwa mkono. Akasimama. Akasoma ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano, hakukwama. Darasa zima likageuka nyuma kumwangalia.

"Kaa," mwalimu akasema, chaki imemganda mkononi.

"Sijamaliza, mwalimu. Kule kwenye kona pameandikwa, wavivu wa darasa. Chini yake kuna jina moja." Akasogeza miwani. "Chausiku."

Lilikuwa pale tangu ile Jumatatu ya daftari jeupe. Pimbi alimsomea kila kitu cha ubao ule, isipokuwa hilo.

Mwalimu Ngiri alikwenda kwenye kona, akalifuta kwa kiganja chake, si kwa dasta, akalifuta mpaka pakang'aa.

Kwa hiyo wanangu, mtu akishindwa kusoma, mpimeni macho kwanza kabla hamjampa jina.

Mimi naondoka, nimeacha maharage jikoni na moto ni mkali. Lakini nitarudi, na nikirudi nitasimama kule mlangoni niinue vidole. Kila mmoja ataniambia ni vingapi, na asiyeviona asiogope kusema.