Malkia wa Mfalme wa Bahari

Katika mtaa wa Katuba, mjini Lubumbashi, hapakuwa na mtu nadhifu kama Kapya. Abakosti yake, ile suti isiyovaliwa na tai ambayo wanaume wa Zaire walivaa siku hizo, ilipigwa pasi mpaka mkunjo wa suruali ungeweza kukata nyanya. Siku za kazi alikuwa fundi katika karakana za mgodi, na Jumapili aliongoza kwaya ya parokia. Aliyecheka wakati wa mazoezi alitolewa nje akawaimbie mbuzi. Wanakwaya walimheshimu na kumwogopa, naye alifurahia vyote viwili.

Lakini mwaka huo wa 1984 Kapya alikuwa na siri mbili. Ya kwanza ilikuwa kifuani mwake. Kila alipopanda ngazi za kanisa alisimama katikati na kujifanya anasoma matangazo ya ndoa, kumbe anatafuta pumzi. Nyimbo ndefu alizifuta moja baada ya nyingine, akidai kwamba Mungu si kiziwi. Mkewe Laurentine hakudanganyika. (Serikali ilikuwa imefuta majina ya kizungu, ila sheria hiyo haikuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba yao.)

"Baba Régine, ile kikohozi iko mubaya. Wende ku hospitali, kwa munganga."

"Ni vumbi ya barabara tu, mama."

"Vumbi ya barabara? Mbona mie napita mule mule na sikohoe?"

Kapya alijikaza kisabuni, akabadilisha mazungumzo.

Kikohozi hicho hakikutoka barabarani. Mwaka 1969 yeye na vijana wengine watatu wa Katanga walipelekwa bandari ya Matadi kujifunza ubaharia katika meli ya mafunzo. Maji makubwa kuliko yote waliyokuwa wameyaona ni ya ziwa Mweru kule Pweto. Ghafla wakajikuta katika Atlantiki, wakitapika hata vyakula ambavyo hawakuvila. Kazi yao ilikuwa katika chumba cha injini: kubandua asbesto kuukuu iliyozungushiwa mabomba ya moto, wao wakiiita amianti, na kufunga mpya. Iliwadondokea kichwani, puani na kwenye sahani, nyeupe na laini kama pamba. Hakuna aliyewaambia kwamba vumbi lile hula mapafu polepole. Baadaye meli iliuzwa kama chuma chakavu, vijana wakarudi kwenye shaba yao, na bahari ikawa hadithi ya kusimulia kwenye pombe.

Aliyezidiwa kwanza ni Mulenga, rafiki wa Kapya tangu melini na besi mkuu wa kwaya. Alipoachishwa kazi kwa ugonjwa alipoteza pia haki ya kutibiwa. Daktari Nkandu, mama mmoja aliyefundisha katika chuo kikuu cha Kasapa, alimpiga picha ya kifua, akaona makovu, akaandika barua Kinshasa mpaka wakubwa wakachoka kuzisoma. Hatimaye tume ikaja Lubumbashi. Baharia ambaye angethibitisha kwamba alivuta vumbi la asbesto melini angepewa fidia na kadi ya kutibiwa maisha yake yote. Dawa za Mulenga zilikuwa zimebaki za wiki mbili.

Mabaharia wote wanne walifika katika ukumbi wa zone, ofisi ya utawala ya mtaa, na kwaya nzima ikaja kumtia moyo besi wake. Kapya aliketi nao, lakini alimwambia Daktari Nkandu kwamba yeye hana ugonjwa wowote, amekuja kumsindikiza rafiki. Mwanasheria wa kampuni ya meli, Maître Numbi, alisimama na kuipekua karatasi yake.

"Hawa walikuwa wanafunzi. Mabomba yalikuwa yamefungwa vizuri kabisa, hawakugusa amianti. La preuve iko wapi?"

Mwenyekiti wa tume, mwananchi Kalaba (hivyo ndivyo hata wakubwa walivyoitwa siku hizo), alikuna kidevu. "Leteni ushahidi. Nawapa siku tatu. Alhamisi saa nane tunapanda ndege."

Mulenga akamgeukia Kapya, uso ukimng'aa. "Kapya! Ile foto ya ikweta! Ya sisi wote zilipoteaka. Weye ulichungaka yako."

"Iliunguaka," Kapya akajibu haraka. "Zamani sana."

Huo ulikuwa uongo mtupu, na hapo ndipo ilipolala siri yake ya pili. Mabaharia wana desturi yao: anayevuka mstari wa ikweta kwa mara ya kwanza hupakwa unga na kumwagiwa maji mbele ya mtu aliyejifanya mfalme wa bahari, na pembeni ya mfalme huketi malkia. Siku ile, mle mle katika chumba cha injini, mfalme alikuwa Mulenga. Malkia alikuwa Kapya. Alivalishwa kitenge, akajazwa machungwa mawili kifuani na kupakwa midomo rangi nyekundu ya injini, kisha mpiga picha akamwambia atabasamu, naye akatabasamu kwa moyo wake wote. Picha hiyo aliificha nyuma ya fremu ya picha ya harusi yake, na aliapa kwamba kaburi lingeiona kabla ya kwaya.

Jumatano jioni alikwenda kumwona Mulenga. Kutoka kitandani hadi mlangoni palikuwa na hatua sita, na Mulenga alipumzika mara tatu njiani ili amfungulie. Wala hakumlaumu. Alimkaribisha, akamwuliza habari za mazoezi, akajaribu kuimba mstari mmoja na kuishia nusu. Kapya aliona aibu kuliko alivyowahi kuona. Alirudi nyumbani mbio, kisha akalazimika kuketi kwenye jiwe la jirani mpaka pumzi irudi.

Laurentine alimkuta ameshusha fremu, picha mkononi. Aliitazama, akamtazama mumewe, akaitazama tena. Kisha akaketi sakafuni na kucheka hadi machozi yakamtoka.

"Godefroid!" akamwita kwa jina lake la ubatizo. "Ulikuwaka muzuri kunipita miye!"

"Ukisema kwa batu, nakufa."

"Utakufa vile vile, tena na machungwa kwa kifua!" Laurentine alifuta machozi, sauti ikatulia. "Peleka ile foto. Na kesho weye pia uonyeshe munganga kile kifua. Nakupenda, mutu yangu. Sitaki kubaki na abakosti tupu."

Alhamisi saa tano Kapya alipiga moyo konde, akapita mbele ya kwaya yake na kuiweka picha mezani. Mwananchi Kalaba aliinama, akavaa miwani. Midomo yake ikaanza kucheza. Alimeza mate, akakohoa, akashindwa, kicheko kikamponyoka. Maître Numbi alikuja kuchungulia, naye akacheka. Mwimbaji mmoja akanyoosha shingo, na dakika ileile kwaya yote ilikuwa imejazana mezani ikipiga vigelegele: "Malkia! Malkia!"

Masikio ya Kapya yalichemka. Lakini alibaki amesimama.

"Hawa wamepakwa unga," Maître Numbi akasema, akijifuta macho. "Unga si amianti."

"Unga?" Kapya aliuliza, na mara hii sauti yake ya kuongozea kwaya ikarudi. "Mukubwa, siye ni batu ya Katanga! Tutoe unga ya bukari, tuimwange kwa kichwa, wakati tulikuwa na njaa? Tungeipika!"

Ukumbi ulilipuka tena, na wajumbe wawili wa tume wakatikisa vichwa kukubali, maana hakuna mtu aliyekula bukari, ugali wao wa kila siku, tangu utotoni ambaye angeliamini jambo lile. Kapya akaonyesha kwa kidole. Nyuma ya malkia bomba lilikuwa uchi, gamba lake limechanwa, na mkono wa kijana mmoja ulikuwa bado ndani ya gamba ukichota. Ndoo iliyo miguuni pa mfalme ilikuwa imejaa vipande vyenye nyuzi.

Daktari Nkandu alisogea na lenzi. "Hii ni amianti. Unga hauna nyuzi."

"Na miye pia niko mugonjwa," Kapya akamwambia mbele ya wote. "Miaka mbili sasa. Nilificha."

Maître Numbi aliketi, akaikunja karatasi yake. Tume ilinong'ona dakika chache, kisha mwananchi Kalaba akagonga muhuri mara nne, kadi nne. Mulenga aliipokea yake, akaibusu, halafu akapiga goti taratibu mbele ya Kapya kama mfalme anayemposa malkia wake. Kapya alicheka kwa sauti kubwa, akakohoa, akacheka tena, na safari hii hakuficha kikohozi wala kicheko. Wanakwaya wakawainua wote wawili, wakatoka nao nje wakiimba wimbo mrefu kuliko zote alizokuwa amezifuta.

Miaka kumi na mitano Kapya aliilinda heshima yake nyuma ya fremu, na kidogo imzike yeye na rafiki yake. Siku aliyoianika ile picha hadharani ndiyo siku waliyopata tiba: mficha uchi hazai.